Jumapili Obuya Alipokufa Kwenye Tivii

Mimi Khamisa, au Mama Rumaisa kwa majirani, si mtu wa tivii, na anayesema mimi ni mtu wa tivii ananisingizia. Ile kubwa iliyo ukutani kwangu aliileta mume wangu Mabruki kwa ajili ya mpira wake, na kwa sababu hiyo wapangaji wote wa ploti yetu hapa Satellite, Nairobi, huhamia sebuleni kwangu kukiwa na jambo. Viatu vinajaa mlangoni, na chai naipika mimi. Lakini hii tamthilia mpya ya mahakamani, hii Mahakama ya Sita, hii niacheni nayo jamani! Imenikamata. Baada ya kuitazama niliunguza mahamri ya wateja kwa kuwaza, na bado naitaka sehemu inayofuata. Tena jirani yangu Obuya yumo ndani, na yaliyotokea siku ile ya kwanza sijapata kuyaona tangu nitoke Mombasa.

Kwanza mjue Obuya ni nani. Jina lake kamili Zedekiah Obuya, anakaa mlango wa pili kutoka kwangu pamoja na mkewe Veronicah, ambaye ni fundi wa sare za shule. Obuya mwenyewe ni mlinzi wa geti kwenye nyumba za ghorofa kule Kilimani. Ni mrefu, mkavu, mpole. Asubuhi hupita na sare yake imepigwa pasi, hununua mahamri mawili kwangu, na hapo hapo lazima amwigize mtu. Mara pasta wao, mara keateka, yule msimamizi wa ploti, mara mimi mwenyewe nikigombana na mteja. Siku ya kwanza aliponiiga nilimtupia mwiko. Siku ya pili nilicheka mpaka nikakaa chini.

Huo uigizaji ndio uliomharibia kwa mama yake. Obuya alikuwa chuo cha ualimu, akaacha, akakimbilia Nairobi kuigiza majukwaani. Majukwaa hayakumlisha, akaishia getini. Mama yake, Mama Rael, anakaa kwao Siaya, na kwake mtu ni Omollo, kaka mkubwa wa Obuya, mwalimu mkuu aliyejenga nyumba ya matofali. Miaka yote niliyokaa na Veronicah sijasikia mama yule akimsifu Obuya kwa lolote. Akipiga simu huuliza, "Huyo mchekeshaji ameenda kazi ama amelala?" Obuya hucheka, lakini nikimtazama naona neno halikumwingia vizuri. Alikuwa na haja moja tu duniani, na ploti nzima tuliijua: mama yake amwone akiigiza, hata mara moja, aseme amefanya vizuri.

Sasa sikieni alivyoipata kazi yenyewe. Kwenye zile nyumba za Kilimani kuna mpangaji anaitwa Quincy, kijana wa nywele za kusokota, na ndiye anayeitengeneza hii Mahakama ya Sita. Siku moja alisimama getini akifoka kwenye simu. Walikuwa wanatafuta mtu wa kuigiza maiti, na waigizaji watatu walikuwa wamekimbia, mmoja baada ya mwingine. Wa kwanza aliona kile kitanda cha bati cha mochari akasema ana miadi. Wa pili alitaka kwanza aombewe. Wa tatu hakuaga hata kuaga.

Obuya akafungua geti polepole, akasema, "Boss, mimi nitalala."

"Wewe, soja?" Quincy akamshangaa. "Unajua kulala maiti wewe?"

"Kazi yangu ni kukaa bila kusonga, boss. Umewahi niona nikisonga?"

Quincy akacheka, akampeleka.

Msidhani Obuya hakujua walichokimbia wale watatu. Kwa watu wa kwao, na hata sisi hatuuchezi mchezo huo, mtu mzima aliye hai kujilaza kitanda cha wafu ni kukiita kifo kwa jina lako. Alijua vizuri sana. Lakini tamaa ilimzidi. Tena uso wake ungeonekana nchi nzima! Akafanya mazoezi kule juu penye kamba za nguo, amejinyoosha kwenye sakafu, mimi napanda na beseni langu nikamkuta macho juu, kinywa wazi. Nilipiga ukelele ule! Akainuka akaniambia, "Mama Rumaisa, asante, sasa najua nimeweza."

Hapo akatenda kosa. Kwa furaha yake alimpigia mama yake simu, akamwambia, "Mama, nitatoka kwenye tivii. Kesi yote inanihusu mimi." Hakusema zaidi. Mama Rael naye akajumlisha mwenyewe: kama kesi yote inamhusu, basi huyu ndiye hakimu mkuu. Akawaambia kina mama wa kanisani kwake. Wakamwombea hakimu.

Haya. Siku zikaenda, Mama Rael akaletwa Nairobi, kliniki ya presha kwenye ile hospitali kubwa karibu na Upper Hill. Ilikuwa aondoke Ijumaa, na tamthilia ianze Jumapili, Obuya akawa ametulia. Siku ya kufa nyani miti yote huteleza. Daktari akasema mama arudi Jumanne apimwe tena. Mama Rael akaweka mkoba wake chini, akasema, "Ni Mungu amepanga. Sasa nitamwona hakimu wangu."

Jumamosi Veronicah akaingia kwangu bila kubisha hodi.

"Mama Rumaisa, tumekwisha. Huyu mtu ataniulia mama ya wenyewe."

Akanieleza. Nikamwita Obuya, nikamkalisha, nikamsomea. "Mficha maradhi kifo humuumbua, Obuya! Mwambie mama yako ukweli leo."

"Nikimwambia hatatazama," akasema. "Na kama hatatazama, nitakuwa nimelala pale kwa nini?"

Mtu mzima, macho yamemjaa maji. Moyo wangu ukalainika. Tukaulizana, hiyo sehemu ya mochari inakuja wapi? Akasema iko mwisho kabisa, ana hakika, kwa maana ndiyo waliyoipiga picha siku ya mwisho. Basi ikapangwa: mama atatazama mwanzo wote, na kipindi kikikaribia kuisha Veronicah atamtoa nje kwa kisingizio cha simu ya Omollo. Kisha Obuya atamweleza taratibu. Mpango ulikuwa mzuri, nami niliusifu.

Jumapili saa kumi na moja jioni sebule ilijaa pomoni. Na hapa niseme, hawa watu wa kituo hawana haya, kitu cha kutisha namna ile wanakifungua saa kumi na moja, watoto wamekaa chini na biskuti zao! Mama Rael nilimpa kiti cha mbele. Alikuja na nguo ya kanisani na kitambaa cheupe kichwani. Obuya mwenyewe alishindwa kukaa. Alisema anaenda kuanua nguo, lakini nilimwona kupitia dirishani amesimama pale nje, hana nguo yoyote mkononi.

Ikaanza. Giza! Giza totoro, nikadhani stima imekatika, nikawatukana wenye stima kabla sijamaliza kufikiri. Kumbe ndiyo picha yenyewe. Mvua inanyesha, korido ndefu ya mahakama, taa moja tu inapepesa, na viatu vya mwanamke vinalia ko, ko, ko. Anatoka gizani Wakili Nzembi. Mfupi, mweusi tii, joho linamzidi kidogo, na uso wake hauombi radhi kwa mtu. Nikasema moyoni, eh, huyu leo atatuonyesha.

Anakwenda seli kumwona mteja wake, tajiri mmoja anayeshtakiwa kumuua mpima ardhi, Bwana Mutiso, aliyekataa kuweka sahihi ya uwongo. Yule tajiri anamwambia bila kupepesa, "Nilimuua mimi. Sasa nitoe." Na Nzembi anafunga mkoba wake taratibu, anasema, "Usiniambie tena ulichofanya. Niambie nani alikuona."

We! Sebule nzima ilipiga yowe. Muasya wa ploti ya jirani akasimama akashika kichwa. Mimi niliunguza kidole kwa chai na sikusikia.

Nimezoea tamthilia ambazo mbaya unamjua kwa muziki kabla hajaingia, na mzuri analia kila anapofungua mlango. Hii haikwambii umpende nani. Nilimchukia yule wakili, nikamwita shetani kwa sauti, na papo hapo nikaomba ashinde. Kwa nini? Sijui! Nilijigombeza. Kisha mahakama yenyewe ikaja, na imefanana na mahakama, si zile za kupakwa rangi jana. Viti vimechakaa, karani anapiga miayo, hakimu anatafuna njugu kwa siri chini ya meza huku anasikiliza habari za mtu aliyeuawa. Hizo njugu ziliniudhi kuliko mauaji. Na shahidi wa kwanza, mama wa watu aliyeuza mboga nje ya ofisi ya marehemu, Nzembi alimuuliza maswali matatu ya upole kabisa, na mama akatoka kizimbani akiwa mwongo mbele ya watu wote. Hakumpigia kelele hata kidogo. Veronicah alinifinya mkono, nami nikamfinya.

Mama Rael peke yake hakuridhika. "Obuya atatoka saa ngapi?" Akaonyesha tivii kwa kidole. "Huyu wa njugu si yeye."

"Ngoja mama," nikamwambia. "Bado."

"Yeye ni wa juu," akawaeleza watu. "Huyu mdogo akishindwa, kesi itapanda kwake."

Yakaja matangazo. Nikaangalia saa, nusu ya kwanza tu imekwisha, nikajua tuna nafasi tele. Nikainuka kuongeza chai. Nyuma yangu nikasikia ko, ko, ko, nikageuka, na Wakili Nzembi anaingia mochari.

Hapo hapo katikati! Wale watu hupiga picha ya mwisho wakaiweka popote wapendapo, na Obuya mgeni wa mambo hayo hakujua. Veronicah akaanza, "Mama, kuna simu ya—" lakini amechelewa. Nzembi ameshafunua shuka.

Obuya. Uso wake umeijaza tivii ya Mabruki kutoka pembe hadi pembe. Midomo imekuwa ya majivu, kidonda kwenye paji la uso, macho nusu. Namjua, namuuzia mahamri, niliona mwenyewe akifanya mazoezi, na bado damu ilinihama. Nzembi anainama karibu na sikio lake, anasema kwa sauti ya chini, "Bwana Mutiso, kesho nitawaambia wewe ndiye uliyeanza ugomvi. Nakuomba radhi leo, kwa sababu kesho sitaomba."

Na wakati huo nzi akatua.

Nzi wa kweli, si wa kutengenezwa. Alitua kwenye kidevu cha Obuya, akapanda mdomoni, akatembea mpaka kwenye tundu la pua, akasimama pale akisugua mikono yake. Na Obuya hakutikisika. Wakili akaondoka, mlango ukafungwa, kamera ikabaki, tunatazama uso na nzi, uso na nzi.

Mama Rael akainuka. Alikwenda mpaka kwenye tivii, akavua kitambaa chake kichwani, akaanza kumpunga yule nzi kwenye kioo.

"Toka! Toka hapo!"

Nzi hakutoka. Mama akageuka akatutazama sote.

"Hakuna mtu? Mtoto wa mtu amelala hapa peke yake, hakuna hata mmoja wa kumfukuzia nzi?"

Kisha akaangusha kilio.

Nimesikia vilio, lakini kile kilitoka nyayoni. Alijua Obuya yu hai, asubuhi walikunywa chai pamoja. Lakini macho yalikuwa yameona maiti ya mwanawe, na mwili haukungoja akili iseme. Akapiga magoti pale chini ya tivii. Mimi na Veronicah tukamrukia, mmoja huku mmoja huku, "Mama, ni mchezo! Mama, ni tivii!" Wapi! Nilimshika kifuani nikasikia moyo unamdunda vibaya, nikakumbuka presha, nikaanza kusoma dua zote ninazozijua.

Na hapo lazima niwaambie kitu juu ya jirani zangu hawa wa kutoka magharibi. Mtu wa kwao akisikia kilio haulizi. Analia kwanza, anakimbia pili, akifika ndipo anauliza ni nani. Basi wanawake wakatoka ploti ya kushoto mikono kichwani, wakatoka ya kulia, wakapanda ngazi wakilia. Mlango wangu ukaziba. Kina mama wa kanisani kwa Veronicah wakaanza wimbo. Muasya, Mkamba wa watu ambaye alikuwa kiti cha nyuma akiona kila kitu, naye alipotea kidogo akarudi na viti vyake vya plastiki, anavipanga nje kwa matanga. Nikampigia kelele, "Muasya, wewe si ulikuwa hapa?" Akasema, "Mama Rumaisa, msiba ukianza watu watakalia nini?"

Ulikuwa wazimu. Na kuna bwana mmoja wa kwao Siaya, sitamtaja, alishapiga simu kijijini kabla hajafika hata ngazi ya pili.

Obuya aliingia katikati ya fujo hiyo. Alipokuwa akijipenyeza mlangoni mama mmoja alimshika bega kwa huruma. "Pole sana ndugu. Umefiwa na nani?"

"Na mimi," Obuya akasema.

Akafika ndani, akasimama nyuma ya mama yake. Nilitaka kuita, "Mama, huyu hapa!" Nikajizuia, kwa sababu Mama Rael alikuwa ameacha kulia tu na ameanza kumwomboleza, kwa Kijaluo, kwa yale maneno ya kumsema marehemu, na nikaona uso wa Obuya unavyosikiliza. Veronicah akanitafsiria sikioni huku machozi yanamtoka.

Mama alisema: Obuya, wewe uliyenibeba mgongoni kutoka mtoni siku nilipoteguka mguu, ukiwa mdogo, miguu yangu inaburuzika chini. Obuya, uliyeiga sauti ya baba yako mpaka mbwa akatoka mbio kumpokea, na baba yako amesafiri. Nani atanipigia simu sasa na sauti ya chifu, aniulize kwa nini sijalima? Ndugu yako alinijengea nyumba, lakini ni wewe uliyeijaza kicheko. Siku niliyomzika baba yako watu wote walinitazama nikifa, na wewe pekee ulinichekesha. Nilikuchapa mbele ya watu. Nilikuchapa, na usiku ule nililala usingizi kwa sababu yako. Na sikukwambia. Obuya, sikukwambia.

Mimi sijui Kijaluo, lakini jina lake nililisikia, Obuya, Obuya, kila mara likitamkwa kwa namna ambayo sikuwahi kumsikia akilitamka kwenye simu. Na Obuya amesimama, mikono imening'inia, anapokea.

"Mama," akasema hatimaye.

Wimbo ukakatika katikati ya neno. Mama Rael akageuka pale pale magotini, akamtazama kuanzia viatu kwenda juu. Akainuka. Akachukua kile kitambaa akampiga nacho kichwani, mabegani, kifuani, anapiga na kumgusa, anapiga na kumgusa, na kila akigusa anasema, "Mjinga! Mjinga wewe! Mjinga!" Obuya akainama apigwe vizuri.

Alipochoka akaketi, akaomba maji, akavaa kitambaa. Sasa akawa na amri. "Jogoo. Tafuteni jogoo kabla jua halijatua. Kifo kimeitwa kwa jina, lazima kionyeshwe kimekosea nyumba." Nani abishane? Mabruki wangu, aliyekuwa ndio kwanza anarudi kutoka dukani kwake mjini na hajui lolote, alipokelewa ngazini na kutumwa jogoo. Akarudi naye, akamchinja mwenyewe, na watu wote waliokuja msibani wakala, mradi kila mtu apate hata tone la mchuzi. Viti vya Muasya vikafaa.

Tukiwa katika kula, simu ya Obuya ikalia. Omollo, kutoka Siaya, ambaye habari zilikuwa zimemfika, alikuwa anampigia Veronicah kwa namba ya marehemu, akidhani mjane ndiye aliyebaki na simu.

"Halo?" Obuya akapokea.

Tukasikia tu kishindo cha simu kuanguka sakafuni huko kwao, na watu wakiita, "Mwalimu! Mwalimu!" Nilicheka mpaka mbavu zikaniuma, Mungu anisamehe.

Lakini Mama Rael hakucheka. Wala hakusema na Obuya tena jioni ile. Obuya alikwenda kuketi karibu naye, akamwambia, "Mama, nilitaka tu unione." Mama akajibu, "Nimekuona," akageuza uso. Basi.

Na kumbe kulikuwa na jambo jingine. Quincy alikuwa amemtumia Obuya ujumbe: watu mitandaoni wamewehuka na ile maiti, wanauliza ni nani huyo. Wanataka kumrudisha, awe hai safari hii, zile siku kabla ya kuuawa, na atapewa maneno ya kusema. Maneno! Baada ya miaka yote ya kuyaota! Obuya alinionyesha ule ujumbe ngazini.

"Nitamwambia hapana," akasema.

"Una wazimu? Hapana ya nini?"

"Umeona nilichomfanyia. Kama hanibariki, siendi. Nimemliza vya kutosha."

Nilimwita majina ambayo siwezi kuyarudia mbele ya watu wenye adabu. Alinisikiliza kwa heshima, na hakubadili neno.

Jumatatu mchana nikiwa napembua mchele, Mama Rael akabisha hodi. Peke yake.

"Mama Rumaisa, ile kesi inarudiwa?"

"Inarudiwa leo saa nane, mama. Lakini presha yako—"

"Washa tivii. Niitie Obuya."

Obuya alikuwa ndio anajiandaa kwa zamu ya jioni. Akaja na sare yake, amekunja uso kama mtoto aliyeitwa ofisini kwa mwalimu. Mama akamwonyesha nafasi pembeni yake kwenye kochi. Akamshika kifundo cha mkono, vidole vimekaa pale mshipa unapopiga. Hivyo ndivyo tulivyotazama, mimi, yeye na mwanawe, mvua, korido, Nzembi, njugu, shahidi, yote, na mama hakuuliza hakimu yuko wapi.

Mochari ikaja. Shuka ikafunuliwa. Mimi nilifumba jicho moja. Mama Rael akasogea mbele, akaitazama maiti ile kwa makini, na vidole vyake vikabana ule mkono mpaka vikageuka rangi. Nzi akatua. Nzi akatembea. Mama akatazama mpaka picha ikabadilika, na matangazo ya sabuni yakaanza kuimba.

"Hukupumua?" akauliza.

"Nilipumua kidogo sana, mama. Kwa tumbo."

"Na yule nzi?"

"Alikuja mwenyewe. Nilisema nikimfukuza, itabidi warudie."

Mama Rael akatikisa kichwa.

"Waambie hao watu wakupe hayo maneno," akasema. Veronicah bila shaka alikuwa amemnong'oneza. "Ukiwa hai, mimi sitalia."

"Ndiyo, mama."

"Obuya."

"Mama."

"Umekufa vizuri," akamwambia. "Umekufa vizuri sana."

Obuya akalia, mtu mzima na sare yake ya kazi, na mama yake hakumwachia mkono.